Matonge ya kwanza ni ya Kinshasa

Kuna mitaa miwili iitwayo Matonge, mmoja Kinshasa, mji mkuu wa Kongo (DRC), na mwingine Brussels, Ubelgiji. Ya Kinshasa ndiyo ya kwanza, Brussels iliiga jina. Matonge ya Kinshasa iko katika wilaya ya Kalamu, kando ya mzunguko wa Victoire, na ndiyo iliyoulea muziki tunaouita bolingo. Mwanamuziki Franco alikuwa na klabu yake hapo, Un-Deux-Trois. Mwimbaji Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, aliufanya mtaa wa kwao kuwa "Kijiji cha Molokai". Wengi hudhani hilo ni jina la ukoo, kumbe ni herufi za mwanzo za barabara za pale: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia.

Ile ya Brussels iko Ixelles, karibu na Porte de Namur. Ilikua baada ya Maison Africaine kufunguliwa pale mwaka 1961 kupokea wanafunzi kutoka Kongo. Wakongo wenyewe ndio waliouita mtaa huo kwa jina la nyumbani, na mpaka leo ni sehemu ya saluni, vitenge na vyakula zaidi kuliko ya kucheza dansi.

Ila ukifika Kinshasa leo kutafuta starehe za usiku, usiishie Matonge. Watu wengi sasa huanzia jioni Bandal, yaani wilaya ya Bandalungwa, kwenye baa za nje zenye viti vya plastiki, bia na ntaba, yaani mbuzi wa kuchoma. Wilaya ya Gombe nako kuna klabu, lakini bei zake ni za wenye fedha. Mimi ningeanza na Bandal, kisha Victoire usiku ukishakolea.