Kuhariri Mwanzo wa Filamu ya Mwanafunzi: Anza Pale Hadithi Inapoanza

Filamu nyingi za wanafunzi ninazoletewa kabla hazijawasilishwa chuoni zina kasoro moja, nayo haitokani na kamera wala waigizaji: zinachelewa kuanza. Nembo ya kampuni ambayo bado haijasajiliwa popote inazunguka juu ya giza, droni inapaa juu ya mji, jua linachomoza, kisha mhusika mkuu anazima kengele ya simu, anapiga mswaki, anakunywa chai na kutoka nyumbani. Linalostahili kuitwa tukio hutokea karibu na dakika ya tatu. Kama filamu nzima ni ya dakika 12, robo ya muda wake imekwisha kabla mtazamaji hajapewa sababu yoyote ya kuendelea kukaa.

Nahariri filamu fupi hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa ya vijana walio vyuoni au waliotoka vyuoni juzi. Jambo ninalowaambia kwanza huwashangaza: mwanzo ndiyo sehemu ya mwisho kuhaririwa. Unganisha kwanza filamu yote, hata kwa mikato isiyo safi, mpaka uione inavyokwisha. Hadi hapo hujui mwanzo unapaswa kumwandaa mtazamaji kwa jambo gani, na mwanafunzi anayetumia wiki nzima kunyoosha sekunde 30 za kwanza hugundua baadaye kwamba sekunde hizo ni za filamu nyingine, ile aliyoiandika kwenye skripti, wakati iliyopatikana kwenye kamera ni tofauti.

Filamu ikishaungana, itazame ukitafuta jambo moja tu: mahali pa kwanza ambapo hali ya mhusika inabadilika au inatishiwa kubadilika. Rudi nyuma kidogo kutoka hapo, kwa sekunde chache, halafu ukate kila kilichotangulia. Usikifute, nakili taimlaini, yaani mstari wa programu ya kuhariri unaopanga vipande vyote kwa mfuatano, uipe jina jipya, na ukate kwenye nakala hiyo, maana mkono huwa mwepesi zaidi unapojua kwamba cha zamani bado kipo. Kisha tazama tena na ujiulize ni taarifa gani hasa imepotea. Mara nyingi ni mbili au tatu tu: huyu ni nani, yuko wapi, anahitaji nini. Hizo ndizo za kurudishwa, na njia nzuri ya kuzirudisha mara nyingi ni sauti badala ya picha zilizoondolewa.

Upinzani mkubwa hutoka kwenye gharama. Droni ilikodiwa, mwendeshaji wake akalipwa, na kundi zima likaamka alfajiri kwenda Kigamboni. Naelewa uchungu huo, lakini mtazamaji hakuchangia kodi ya droni, na gharama ya shoti, yaani kipande kimoja cha picha kilichopigwa bila kukatwa, haimwongezei lolote. Isitoshe, jua linalochomoza juu ya bahari limeshaonekana kwenye video za harusi, matangazo ya benki na nyimbo za injili kiasi kwamba haliwezi tena kumwambia mtu kwamba yuko ndani ya filamu yako na si ya mwingine.

Nichukue filamu ya mwanafunzi mmoja kuhusu konda wa daladala ya Mbagala anayeokota bahasha yenye fedha chini ya kiti. Katika mkato wa kwanza bahasha ilionekana kwenye dakika 2 na sekunde 40. Kabla yake tulimwona konda akiamka, akivaa, akiagana na mama yake na kutembea hadi kituoni, na kila kitendo kilikuwa kimepigwa vizuri. Tulipokubaliana kuanza karibu na bahasha, kitu pekee kilichopotea ni uzito wa kishawishi: mtazamaji alihitaji kujua kwamba kijana huyu ana shida ya fedha leo, saa hii. Mama aliyeagwa asubuhi hakuwa akilieleza hilo hata hivyo.

Toleo jipya lilianza na giza, na ndani ya giza zikasikika sarafu zikigonganishwa kiganjani namna makonda wanavyodai nauli. Picha ya kwanza ilikuwa ya mkono tu: sarafu na noti chache zilizokunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole. Mkono unahesabu, unasita, unahesabu upya. Kutoka mbele, bila kumwona uso, dereva anauliza kama hesabu ya tajiri, yaani fedha anazodai mwenye gari kila siku, imetimia. Konda hajibu. Abiria wanashuka, gari linabaki tupu, anainama kuangalia chini ya viti, na bahasha ipo. Haya yote yalichukua chini ya nusu dakika, na yeyote aliyewahi kupanda daladala alielewa kwamba jioni kuna mtu atakayedai fedha ambazo hazipo. Swali la dereva halikuwepo kwenye skripti. Lilirekodiwa baadaye kwa simu, ndani ya gari hilohilo likiwa limeegeshwa na madirisha yamefungwa, na mwigizaji akikaa kwenye kiti cha dereva ili sauti yake itoke upande uleule ambako dereva hukaa.

Katika filamu hiyohiyo kulikuwa na shoti ya uso wa konda akitazama nje ya dirisha, iliyonaswa kwa bahati wakati mwigizaji akisubiri kuambiwa aanze. Hakuwa akiigiza chochote. Ilipowekwa baada ya bahasha, watazamaji waliapa kwamba wameona tamaa na woga kwenye uso ule. Jambo hili lina historia ndefu: mwongozaji wa Kisovieti Lev Kuleshov alikuwa maarufu kwa jaribio la karne iliyopita ambapo uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine uliunganishwa na bakuli la supu, na jeneza, na mwanamke, na watu wakasoma hisia tofauti kila mara ingawa uso ulikuwa uleule. Kwa hiyo kabla hujalalamika kwamba mwigizaji wako hakufanya vya kutosha, pitia vipande vilivyobaki kabla na baada ya neno la kuanza kuigiza. Uso uliotulia ni mali, hasa mwanzoni, ambapo mtazamaji bado anamtafuta mtu wa kumfuata na hapendi kuelekezwa kwa nguvu.

Baada ya mpangilio kukaa sawa, ndipo unapoingia kwenye fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video. Ukihariri kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu 12 ni karibu nusu sekunde, na nusu sekunde ni muda mrefu kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Vichwa na mikia ya shoti, yaani mwanzo na mwisho wake, ndiko uvivu unakojificha: mwigizaji anayevuta pumzi kabla ya kuongea, mlango unaofunguka wote mpaka mwisho, mtu anayetembea mpaka atoke kabisa kwenye picha. Kata mkono ukiwa tayari umeanza kusogea, na umalizie mwendo huo kwenye shoti inayofuata. Jicho litafuata mwendo na halitauona mkato. Kinyume chake, usikate kila kitu kiwe kifupi kwa sababu tu umeambiwa mwanzo uwe na kasi. Shoti ya mkono unaohesabu fedha ilikaa karibu sekunde 7, na tulipojaribu kuipunguza, wasiwasi wote uliondoka.

Wanafunzi huniuliza wafanye nini pale ambapo shoti yenye hisia nzuri ina kosa, kwa mfano kofia iliyokaa upande tofauti na shoti iliyotangulia. Walter Murch, mhariri wa Kimarekani anayeheshimika sana katika fani hii, aliwahi kupanga vigezo vya mkato mzuri kwa asilimia, na hisia akaipa 51, yaani zaidi ya vingine vyote vikijumlishwa. Siamini kwamba mtu anaweza kupima mkato kwa hesabu, wala sidhani naye alikusudia hivyo, lakini mpangilio wake unasaidia pale kundi linapobishana usiku kuhusu kofia. Chagua shoti yenye hisia. Kofia itaonwa na aliyeivaa na mama yake.

Sauti ndiyo itakayoitenga kazi yako na kazi ya mwanafunzi wa sekondari. Mtazamaji husamehe picha yenye chenga, lakini sauti inayopanda na kushuka kila mkato humtoa nje ya hadithi papo hapo. Hapa kwetu kila mahali pana kelele yake: jenereta, bajaji, jogoo, adhana, mafundi wa kuchomelea. Shoti mbili za mazungumzo yaleyale, moja ikiwa na jenereta na nyingine bila, hazitaungana hata kama picha zinafanana kabisa. Dawa yake hutafutwa siku ya kupiga picha, kwa kunasa dakika moja ya ukimya wa kila eneo, yaani sauti ya mahali hapo watu wakiwa hawaongei, kabla ya kufungasha vifaa, kisha wakati wa kuhariri unautandaza ukimya huo chini ya tukio zima ili uzibe nyufa. Kama hukuunasa, rudi mahali palepale saa ileile ukanase. Safari hiyo ina faida kuliko siku nzima ya kuhangaika na vichujio vya programu.

Jizoeze pia kuitanguliza sauti ya tukio linalofuata sekunde moja au mbili kabla ya picha yake. Sarafu zilizosikika kwenye giza zilifanya kazi hiyo: sikio liliingia ndani ya daladala kabla ya jicho. Muziki uje mwisho kabisa. Mwanzo uliohaririwa juu ya wimbo tangu siku ya kwanza huonekana mzuri kwa sababu wimbo ni mzuri, na ukiuondoa unabaki na mkusanyiko wa picha zisizojuana. Tena wimbo wa msanii maarufu usio na ruhusa utakuletea matatizo ya hakimiliki filamu ikishapanda mtandaoni, na majuto ya kuuondoa siku hiyo huwa makubwa kuliko ya kuukosa mapema. Kuna hatari nyingine ya kiufundi inayowapata wanaopiga kwa simu: simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu kwa sekunde inayobadilikabadilika, hivyo sauti na midomo huanza pamoja na kuachana kadiri klipu inavyosonga. Badilisha klipu hizo ziwe na idadi thabiti ya fremu kwa sekunde, ukitumia programu ya bure kama HandBrake kabla hujaanza kuhariri. Ukisubiri mpaka katikati ya kazi, utalazimika kulinganisha upya kila mkato.

Majina ya mwanzo yasichukue nafasi ya hadithi. Kwa wanafunzi wa Media Studies wa mtaala wa Cambridge wanaochagua kazi ya mwanzo wa filamu, majina ni sehemu ya kazi yenyewe na yote yanapaswa kutosha ndani ya dakika mbili, kwa hiyo hayawezi kuachwa. Lakini yanaweza kuwekwa juu ya shoti zenye nafasi tupu, kwa maandishi yasiyo na madoido, jina la mwongozaji likiwa la mwisho kama ilivyo desturi. Usiweke jina pale ambapo mtu anaongea na tafsiri ya Kiingereza iko chini yake, kwani mtazamaji atasoma kimoja na kukosa kingine. Kuhusu rangi sina mengi ya kusema: linganisha shoti za tukio moja zifanane, hakikisha ngozi za waigizaji hazijageuka kijivu wala machungwa, na uache hapo.

Ukifika hapa unahitaji macho ya watu wasioijua hadithi. Wanafunzi wenzako waliobeba taa hawafai, kwa kuwa wanajua kilicho ndani ya bahasha. Mwite jirani, mpe viti viwili vya plastiki na simu au kompyuta mpakato, mwoneshe dakika ya kwanza na nusu tu, kisha usimamishe. Usimwulize kama ameipenda, maana mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Mwulize ni nini kimetokea, huyu kijana anataka nini, na anadhani kitafuata nini. Majibu ya swali la tatu ndiyo ya kuandika. Kama anakisia, hata kama anakosea, mwanzo umemshika. Kama anasema hajui na hana haja ya kukisia, rudi kwenye taimlaini. Mwangalie pia wakati anatazama, na uandike sekunde ambayo mkono wake umeelekea kwenye simu yake mwenyewe.

Sikiliza mchanganyiko wa sauti kwenye spika ya simu ya kawaida, kwenye vipokea sauti, na ikiwezekana kwenye spika kubwa katika eneo la wazi, kwa sababu huwezi kuchagua filamu itaoneshwa wapi. Tamasha la ZIFF huko Zanzibar limekuwa likionesha filamu katika uwanja wa wazi ndani ya Ngome Kongwe, na mahali kama hapo mnong'ono uliousikia vizuri chumbani unaweza kumezwa na upepo na mazungumzo ya watu. Halafu toa faili la mwisho, lihifadhi sehemu mbili tofauti kabla umeme wa LUKU haujakukatikia, na ulitazame lote kwenye kifaa kisicho na programu ya kuhariria. Tazama hasa mahali ulipokata kwa haraka: fremu moja nyeusi iliyobaki kati ya shoti mbili haionekani kwa urahisi ukiwa unasogeza taimlaini kwa mkono, lakini kwenye ukuta wa projekta inaonekana wazi kama taa iliyozimika ghafla.