Kilo 3 za sato kutoa 33333 badala ya bei

Mkuu, programu yako ya bei ya samaki inaomba kilo kwa input(), kisha inazidisha kwa bei ya 9000, ila ukiweka 3 inajaza skrini matatu. Tatizo ni kwamba hiyo kilo yako ni maandishi, si namba. input(), amri ya kupokea anachoandika mtumiaji, kwenye Python 3 (lugha ya kuandikia programu) inarudisha maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Chapa type(kilo) utaona inasema str, yaani maandishi. Sasa ukizidisha "3" kwa 9000, Python inairudia hiyo "3" mara 9000, ndiyo hayo matatu yaliyojaza skrini. Na bei nayo ungeiomba kwa input() ingegoma kabisa na kutoa TypeError (kosa la aina ya data), maana maandishi hayazidishwi kwa maandishi. Bora hiyo, angalau inapiga kelele.

Andika hivi: kilo = float(input("Kilo ngapi? ")). float inayageuza maandishi kuwa namba yenye desimali. Usiweke int hapo, hiyo ni ya namba kamili tu. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nani anapima kilo kamili tu? Mteja akitaka 2.5, int("2.5") inakuletea ValueError (kosa la thamani isiyofaa). Na iandikwe kwa nukta, 2,5 yenye koma hata float inaikataa.

Bei ya shilingi nzima, int inatosha. Jumla ipitishe kwenye round(), inayoifanya iwe namba kamili, kabla ya kuichapa, la sivyo utamwonyesha mteja 22500.0.

Kama kwenye video unayojifunzia input() inatoa namba moja kwa moja, basi jamaa anatumia Python 2. Zamani ilikuwa hivyo kweli, ila hiyo iliachwa rasmi Januari 1, 2020. Tafuta somo jingine.