Maswali yenu kuhusu India: roketi, makombora na vinu vya nyuklia

Tangu chombo cha India, Chandrayaan-3, kitue karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023, maswali hayajakatika. Tunajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Roketi ya setilaiti na kombora, si kitu kilekile?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka 1980 roketi ya SLV-3, yenye uzito wa tani 17 na hatua nne za fueli kavu, yaani vipande vinne vinavyowaka kwa zamu, iliipeleka setilaiti ya Rohini, kilo 35, kwenye mzingo wa dunia. Tarehe 22 Mei 1989 kombora la Agni lilipaa kwa injini ya hatua ya kwanza ya roketi hiyohiyo.

Tofauti huonekana kwenye mwisho wa safari na kwenye fueli. Setilaiti hubaki juu. Kichwa cha kombora hurudi hewani kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, hivyo bila ngao ya joto kitateketea njiani. Kombora pia hukaa ghalani miaka, kisha litakiwe kwa dakika chache. Ndiyo maana majeshi hupenda fueli kavu. Hidrojeni ya kimiminika haifai kwa kazi hiyo, kwani huchemka na kupotea saa chache baada ya kujazwa. Ukitaka kujua nchi inalenga nini, anza kwa kuangalia fueli yake.

Malindi ilirusha setilaiti kabla ya India. Mbona Kenya haikufika walikofika?

Ni kweli ilitangulia. Jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ungwana lilirusha setilaiti mwaka 1967, miaka 13 kabla ya Rohini, na tarehe 12 Desemba 1970 likarusha ile iliyopewa jina la Uhuru. Lakini roketi zenyewe, Scout, zilitoka Marekani zikiwa tayari, na jukwaa lilikuwa la Waitaliano.

India nayo ilianza na ya kupewa. Tarehe 21 Novemba 1963 ilirusha Nike-Apache ya Marekani kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala kilichochaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta ya sumaku, yaani mstari wa katikati wa usumaku wa dunia. Kanisa la kijiji liligeuzwa ofisi, na vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Kilichofuata ndicho kilicholeta tofauti. Vikram Sarabhai, aliyeongoza mpango huo, hakutaka kiwanja cha kurushia peke yake, alitaka na karakana. Mwaka 1967 wakarusha RH-75, bomba la kipenyo cha milimita 75 tu, ila limetengenezwa na mafundi waliobaki palepale kutengeneza la pili na la tatu.

Roketi zao zilizoanguka zilikuwa na kasoro gani?

Mara nyingi ni kitu kidogo mno. SLV-3 ya kwanza, tarehe 10 Agosti 1979, ilianguka Ghuba ya Bengali baada ya sekunde 317. Vali ya mfumo wa kuiongoza hatua ya pili ilikwama ikiwa wazi, asidi ya nitriki ikavuja, na hatua hiyo ilipowaka haikuwa na cha kuinyoosha.

Injini ya baridi kali, inayochoma hidrojeni na oksijeni za kimiminika, ndiyo iliyowatesa zaidi. Hidrojeni lazima ikae kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri na oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri, huku pembeni kidogo tu gesi inawaka kwa maelfu ya nyuzi. Chuma husinyaa kwa baridi, hivyo nafasi kati ya sehemu inayozunguka na ganda lake lazima ipimwe kwa hali ya baridi. Ukiipima kwa joto la karakana, utakosea. India ilikuwa imekubaliana na Warusi wapewe teknolojia hiyo, Marekani ikaweka vikwazo mwaka 1992, na wakaishia kuuziwa injini zilizokamilika bila ujuzi wa kuzitengeneza.

Waliyoitengeneza wenyewe ilijaribiwa tarehe 15 Aprili 2010. Injini iliwaka, pampu ndogo ya kusukuma hidrojeni ikafika mizunguko 34,800 kwa dakika, ikadumu chini ya sekunde moja, kisha ikazimika. Ama rota, sehemu inayozunguka, ilishikana na sili yake, ama ganda la tabo, gurudumu linaloiendesha pampu, lilipasuka. Agosti 2013 walisimamisha urushaji saa moja na ushei kabla ya muda kwa sababu tangi la hatua ya pili lilikuwa linavuja. Wakabadilisha hata aina ya aloi ya alumini. Tarehe 5 Januari 2014 ikafanikiwa. Kusimamisha Agosti ile, mbele ya taifa zima, ulikuwa uamuzi wa kihandisi wa kuheshimiwa kuliko urushaji wenyewe.

Waliwezaje kufika Mirihi kwa gharama ndogo?

Walibeba kidogo: vifaa vitano vya kisayansi, kama kilo 15. Roketi yao, PSLV, haikuwa na nguvu ya kukitupa chombo moja kwa moja, hivyo kilizunguka dunia kikipanua njia yake hatua kwa hatua kabla ya kuondoka.

India ina thoriamu tele katika mchanga wa Kerala. Kwa nini bado inanunua urani?

Thoriamu haiwaki yenyewe. Lazima kwanza imeze nyutroni, chembe za ndani ya atomu, ndipo ibadilike kuwa urani-233, aina ya urani inayofaa kuwa fueli, na nyutroni hizo zitoke kwenye fueli nyingine. Homi Bhabha, mwanzilishi wa mpango wa nyuklia wa India, alipanga ngazi tatu: kwanza vinu vya maji mazito vinavyotumia urani ya asili, kisha vinu vinavyozalisha fueli vikipozwa kwa sodiamu, mwisho thoriamu. Ngazi ya pili ndiyo imechelewesha yote, kwani sodiamu huwaka ikigusa hewa na hulipuka ikikutana na maji. Tena urani-233 huja na urani-232, ambayo mazao yake hutoa miali mikali ya gama; fueli hiyo lazima ishughulikiwe kwa mitambo nyuma ya kuta nene. Huko Kalpakkam, kusini mwa India, kipo kinu kiitwacho KAMINI kinachotumia urani-233. Nguvu yake ni kilowati 30.

Je, vinu vyao hukaguliwa?

Si vyote. Jaribio la bomu la Mei 1974 lilitumia plutoniamu ya kinu cha CIRUS, kilichotoka Kanada kwa ahadi ya matumizi ya amani. Kwa makubaliano ya mwaka 2008, India iliweka vinu vya umeme 14 kati ya 22 chini ya ukaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki. Vinane vilibaki nje.