Meli ya kitalii ikikupa muda wa saa 6 Santorini, kisiwa cha Ugiriki: unaweza kuona miji ya Fira na Oia yote miwili?

Zinatosha, ila hesabu foleni. Meli haifungi gatini. Mashua zinawashusha abiria bandari ya zamani, chini ya Fira. Kupanda kuna gari la kebo, dakika 3 hivi, au ngazi zaidi ya 580, mawe yanayoteleza na kinyesi cha punda juu yake.

Nenda Oia kwanza, kilomita 11, basi kama nusu saa. Fira iache mwisho. Kinachowaponza watu ni kurudi: meli nyingi zikifika siku moja, foleni ya kebo hupita saa nzima. Ikiwa hivyo, shuka kwa miguu, dakika 30 (raba, si kandambili). Na saa ya kuzingatia ni ya mashua ya mwisho, siyo ya meli kung'oa nanga.