Maswali ya Wasomaji: Dhahabu laini inapita mwaloni

SWALI: Tunasaga mawe kwa krasha na kuosha unga kwenye mwalo (mfereji ulioinama, wenye zulia la kunasa dhahabu) wa mbao wa mita 2. Kila tukiosha marudio (mchanga uliokwisha kupita mwaloni) kwa karai, bado tunaona dhahabu. Tatizo ni nini? – Mchimbaji mdogo, Geita

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na mteremko. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, kwazi, yaani jiwe linalobeba dhahabu, mara 2.65 tu, lakini chembe laini kama unga hutua polepole na maji ya kasi huzibeba kabla hazijagusa zulia. Jaribuni nyuzi 10: kichwa cha mwalo kiwe juu ya mkia kwa sentimita 35 hivi. Maji yatiririke sawasawa, si kwa kumwaga ndoo nzima kwa mkupuo, jambo linalofukua hata kilichokwisha kunasa.

Chekecheni unga kwanza. Punje kubwa zinahitaji maji mengi ili zisogee, na maji hayo ndiyo yanayoondoka na dhahabu laini. Tope la udongo nalo livurugwe vizuri ndani ya pipa, kwani likiwa zito chembe hazishuki.

Zulia likijaa mchanga mweusi halishiki tena. Likung'uteni ndani ya beseni mapema, msisubiri jioni. Mkiona utando wa mafuta ya mashine, tieni matone machache ya sabuni, maana grisi huielesha dhahabu.

Tafadhali msimwage zebaki mwaloni. Husambaratika kuwa vitone vidogo, ikaondoka na dhahabu yenu hadi mtoni.