Uliza Fundi: Stendi ya vinanda ya ghorofa mbili, bomba moja na klampu kumi

SWALI: Napiga kinanda kanisani. Nina Yamaha P-125, na juu yake nataka kuweka PSR-SX700. Stendi yangu ni ile ya miguu ya kupishana, na kinanda cha pili kikipanda inayumba. Nataka kujenga ya mabomba na klampu, ya kupigia nikiwa nimekaa. Ninunue nini na nikate vipi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Bomba moja la GI (bomba la maji la chuma lililopakwa zinki) la inchi moja linatosha stendi nzima, mradi ulikate kwa hesabu. P-125 ni kilo 11.8 na SX700 ni kilo 11.5, kwa hiyo unabeba kilo 23 na ushee. Chuma cha namna hiyo hakisumbuliwi na uzito huo. Stendi za kujitengenezea huangushwa na mambo mawili: uzito kuangukia nje ya miguu, na viungo visivyokazwa sawasawa.

Chukua bomba la daraja la kati, lenye ukuta wa milimita 3.2. Lile jepesi ni rahisi kidogo kwa bei, lakini skrubu ya klampu hulibonyeza, na likishabonyea halishiki tena pale pale. Lipime urefu kabla hujalipa. Mengi ni mita 6, ila yaliyosafirishwa kwenye kontena la futi 20 huwa mita 5.8. Mpango huu unaingia kwenye yote mawili:

nguzo 2 za sm 80. Miguu 2 ya sm 62. Mihimili ya kuunganisha 2 ya sm 72. Mikono 4 ya sm 36, miwili kwa kila ghorofa.

Jumla ni sm 572, na kila mkato wa msumeno hula milimita 2 hadi 3. Klampu ni tii (viungo vya umbo la herufi T) 8 na klampu za kuzunguka (za kubadilishia pembe) 2, zote za bomba la milimita 33.7. Usichukue zinazokazwa kwa bolti mbili kama za skafoldi. Chukua zile za chuma cha kusubu zenye skrubu isiyo na kichwa, inayokazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita). Ongeza vifuniko 10 vya ncha za mabomba.

Ukishakata, piga tupa kila ncha, nje na ndani. Ukingo mkali uliobaki nje huzuia bomba kuingia mpaka mwisho kwenye tii, nawe utadhani imekaza kumbe imekwama njiani.

Laza kila upande chini kwanza. Mguu hupita ndani ya tii, na nguzo husimama juu ya tii hiyo. Kuanzia katikati ya nguzo, acha sm 42 za mguu mbele na sm 20 nyuma. Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa macho. P-125 ina kina cha sm 29.5, na nyuma yake unahitaji sm 4 hivi kwa ajili ya plagi za umeme na pedali, kwa hiyo ukingo wake wa mbele utakuwa kama sm 35 kutoka kwenye nguzo. Mguu ukiupita ukingo huo, hata mtu aegemee kinanda kwa viwiko, stendi haiwezi kupiga mweleka mbele.

Hapa kuna kasoro ambayo wengi huigundua siku ya mwisho. Tii ni nene kuliko bomba, kwa hiyo ndiyo inayogusa sakafu na mguu unabembea juu yake kama pembea. Vifuniko vya plastiki vya kawaida havisaidii. Tumia raba za ncha za mkongojo, au funga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye ncha zote nne za miguu mpaka tii inyanyuke. Karatasi ikipita chini ya tii bila kukwama, basi.

Mhimili wa kwanza uweke sm 12 kutoka sakafuni, wa pili sm 75. Wa pili utakuwa nyuma ya P-125, juu ya matundu ya nyaya. Kama unagusana na plagi zako, upandishe au ushushe kidogo kabla ya kukaza. Usifanye stendi ya mhimili mmoja: nguzo mbili zenye kiungo kimoja tu hulala upande kama mlango wenye bawaba moja.

Mikono ya chini ianze na tii kwenye sm 59. Weka kinanda, keti kwenye kiti utakachotumia, kisha pima kutoka sakafuni hadi uso wa funguo nyeupe. Kwenye piano ya kawaida ni kama sm 72 hadi 74. Ongeza au punguza ufike hapo. Funika mikono kwa mpira mwembamba ili bomba lisikwaruze, na angalia bomba lisizibe matundu ya spika chini ya P-125, kwa sababu sauti yake nyingine hutokea huko.

Mikono ya juu hukaa kwenye klampu za kuzunguka zilizovikwa kwenye vichwa vya nguzo. Kila mkono uutoe sm 24 mbele na sm 12 nyuma, ili SX700, yenye kina cha sm 43, ikae kwa nyuma kidogo na isikufunike funguo za chini. Inamisha kuelekea kwako digrii 10, si zaidi ya 15. Usitafute kipimo cha pembe: kwa mkono wa sm 36, digrii 10 ni ncha ya mbele kuwa chini ya ya nyuma kwa sm 6 na kitu. Kati ya uso wa kinanda cha chini na ncha ya mbele ya mkono wa juu acha angalau sm 8. Ukibana zaidi, vidole vitapita lakini vitufe vya P-125 hutaviona.

Kukaza ni mara mbili. Kwanza kaza kwa vidole viungo vyote, simamisha stendi, weka pimamaji kwenye nguzo na mikono ya chini, ndipo ukaze kwa alenki kuanzia miguuni kupanda juu. Ukianza juu, upotofu wa chini utaufungia ndani. Siku ya pili rudia skrubu zote, maana zinki hujibonyeza kidogo chini ya ncha ya skrubu na mkazo hupungua.

SWALI: Nimeagiza klampu za fremu ya ngoma zilizoandikwa inchi moja na nusu, nikanunua bomba la GI la inchi moja na nusu. Haliingii kabisa. Nani kanidanganya, wa klampu au wa bomba?
*Mpiga kinanda wa taarabu, Tanga*

JIBU: Hakuna aliyekudanganya. Bomba la maji halipimwi kwa upana wake wa nje. Jina "inchi moja na nusu" limebaki tu kama jina, na nje bomba hilo ni milimita 48.3. Fremu ya ngoma hupimwa kwa nje, kwa hiyo inchi moja na nusu yake ni milimita 38.1 kamili. Wala usishuke kwenye GI ya inchi moja na robo, kwani hiyo ni milimita 42.4, na ya inchi moja ni 33.7. Hakuna GI itakayoivaa klampu yako.

Nenda kwa wauza mabomba ya fenicha, yale ya duara ya kutengenezea vitanda na viti. Hayo huuzwa kwa kipimo cha nje. Ukuta usiwe chini ya milimita 1.5, la sivyo klampu italiminya kama kopo. Kama huna kifaa cha kupima kipenyo, zungushia bomba ukanda wa karatasi, weka alama unapokutana, upime urefu wake. Milimita 106 ni bomba la 33.7, karibu 120 ni la 38.1, karibu 152 ni la 48.3. Nenda na huo ukanda dukani, utakuokoa safari.

SWALI: Klampu hizo kwetu hazipatikani. Tii za mabomba ya maji zenye nyuzi hazifai? Au fundi wa kuchomelea amalize?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Tii ya maji hukaza pale nyuzi zinapotaka, si pale unapotaka wewe. Mkono utaishia ukiangalia pembeni, ukiurudisha nyuma unalegea. Tena fremu iliyofungwa pande zote nne huwezi kuimalizia kwa nyuzi bila kuweka yunioni (kiungo kinachofungwa bila kuzungusha bomba lenyewe), maana ukikaza ncha moja ya bomba unailegeza nyingine.

Kuchomelea kunawezekana ukikubali kwamba urefu haubadiliki tena. Usichomelee GI. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe ambao humletea fundi homa na kutetemeka jioni yake. Mpe bomba jeusi lisilopakwa kitu, kisha lipakwe rangi.

SWALI: Ghorofa ya juu huinama taratibu. Naiweka sawa Ijumaa, Jumapili imeshalala mbele. Halafu stendi ni nzito, na sisi tunahama kila wiki.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Klampu ya kuzunguka hushika kwa msuguano tu, na kila ukipiga unaisukuma kidogo. Legeza, futa mafuta na rangi kwenye bomba na ndani ya klampu, kaza tena. Ikiendelea, ukishapata pembe unayoipenda toboa klampu na bomba kwa pamoja, upitishe bolti ya milimita 6. Pembe itakuwa moja daima, lakini haitainama. Kwenye ncha ya mbele ya kila mkono simamisha bolti nyingine iliyovikwa mpira, ili kinanda chenyewe kisiteleze.

Uzito ni kweli: mabomba ya mpango wa juu ni karibu kilo 14, na klampu juu yake. Alumini ya kipimo hicho hicho yenye ukuta wa milimita 3 itakuwa kama kilo 4.5 kwa mabomba yote. Kaza kwa mkono mwepesi zaidi, na kwa hewa ya chumvi ya huko pwani fungua viungo kila baada ya miezi michache uvifute, kwa sababu alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye chumvi hushikana.

Kwa kuhama, nunua klipu za kubania mpira wa maji, zile za kukaza kwa bisibisi. Funga moja kwenye nguzo chini ya kila tii ya mkono na uiache hapo hapo unapofungua stendi. Safari ijayo tii inashuka mpaka kwenye klipu na kusimama, urefu ule ule, bila tepu.