Maswali ya Sataranji: Angeiacha ile ngome?

SWALI: Nimeupanga ubaoni mchezo wa mabingwa wa sataranji Kasparov na Topalov, Wijk aan Zee, Uholanzi, 1999. Hatua ya 24 Kasparov (mweupe) anaitoa kafara ngome yake kwenye mraba wa d4 (herufi ni safu, namba ni mstari wa ubao), Topalov anaila kwa askari wa c5. Kuna ubaya gani? Na ngome ya pili inapoingia e7 na cheki (kumshambulia mfalme), mbona malkia mweusi haili? – Msomaji, Tanga

JIBU: Tuanze na e7. Malkia mweusi akila, malkia mweupe anakula d4 na cheki. Mfalme akirudi b8, malkia anatua b6, cheki tena. Mweusi anaziba kwa askofu b7, lakini askofu huyo sasa amebanwa (akitoka, mfalme wake anabaki wazi kwa malkia), hawezi kumgusa farasi anayerukia c6. Mfalme hana pa kwenda ila a8, na malkia anamalizia a7: chekimeti, mfalme hana tena pa kukimbilia na mchezo umekwisha. Unajiuliza kwa nini hakukimbilia c8? Mtazame askofu mweupe kule h3. Mshazari wake unaishia c8 hasa, na wengi wanaoupanga mchezo huu humsahau.

Kwa hiyo kosa ni kule kuila ngome ya d4. Mfalme angesogea b6 kwanza, angemtisha farasi wa a5 na kumlazimisha arudi b3. Kisha malkia wangebadilishana, na mchezo ungekuwa karibu sawa.

Badala yake Topalov aliila, na mfalme wake alitembezwa a5, a4, a3, b4, c3, d2, mpaka d1, nyumbani kwa mweupe! Kasparov naye hakuwa safi kabisa: hatua ya 28 alicheza malkia c3, wakati ngome a7 papo hapo ingekuwa kali zaidi.

SWALI: Hatua ya 36 askofu anawekwa f1, mdomoni mwa malkia. Ni zawadi? – Msomaji huyohuyo

JIBU: Malkia mweusi akimla, malkia mweupe anaingia c2 na cheki (analindwa na mfalme wa b1), mfalme mweusi anakwenda e1, ngome inatoka b7 hadi e7, cheki. Kilichobaki ni malkia mweusi kuziba e2, naye analiwa: chekimeti. Topalov aliliona hilo, akajibu ngome d2. Kasparov akacheza ngome d7, na baada ya kubadilishana akaila ngome ya h8. Topalov alikubali kushindwa hatua ya 44.